Vigelegele Vimeenda Wapi?

Redio kaseti ya kwanza niliyoiona ikirekodi muziki ilikuwa imening'inizwa kwenye tawi la mwembe, nyumbani kwa baba mdogo, hapa Paya, wilaya ya Tororo, Uganda. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watu walikuwa wamekuja kumaliza matanga, na katikati ya ua alikaa mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, aliyetoka upande wa Kenya. Sisi Wapadhola na Wajaluo tunasikizana lugha, na wakwe zetu wengi wako ng'ambo ya mpaka. Baba mdogo alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaniambia nikae chini ya lile tawi. Kaseti ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 kila upande, na kazi yangu ilikuwa kuigeuza upande mmoja ukiisha.

Kesho yake tuliisikiliza mpaka betri zikalegea. Kila ngoma ilipogongwa, sauti ya mwimbaji ilizama, kisha ikapanda tena polepole kama mtu anayetoka shimoni. Nilidhani kaseti ni mbovu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kuwa redio zile zilikuwa na maiki ndogo ndani yake, na zilikuwa zikijirekebisha zenyewe: kukiwa kimya zinaongeza, kukiwa na kishindo zinapunguza, na nyingi hazikuwa na swichi ya kuzuia hilo. Hata hivyo, kila mtu alikuwemo mle ndani. Vigelegele vya kina mama vilikuwemo, kicheko cha marehemu shangazi kilikuwemo, na jogoo aliyewika saa mbaya alikuwemo pia.

Tangu siku hiyo sijaacha kurekodi. Nimerekodi matanga, harusi, kwaya, vikundi vya akogo, yaani kalimba, vya ndugu zetu Wateso, na matamasha ya sokoni hapa na Busia. Sijawahi kuwa na pesa za vifaa vikubwa. Kila maiki niliyowahi kununua ililazimika kushindana na karo ya shule, kwa hiyo ninapozungumzia maiki ya bei nafuu nazungumzia kitu nilichokifikiria kwa miezi kabla ya kufungua mfuko.

Kaseti ndiyo iliyonifundisha kwamba pa kusimama pana uzito kuliko unachokishika. Uwanjani, mahali pasipo na kuta za kurudisha sauti, ukiongeza umbali mara mbili sauti inapungua kwa desibeli 6, ilhali upepo na pikipiki havipungui hata chembe. Nyatiti ilinifunza zaidi. Ina nyuzi 8, na mpigaji hukaa chini kabisa, kwenye kigoda. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea mti wa chini wa ala, na mguuni amefunga njuga. Kwa hiyo mtu mmoja anatoa sauti kutoka sehemu nne: mdomoni, kwenye nyuzi, kidoleni na mguuni. Ukimwelekezea maiki mdomoni utapata maneno mazuri, lakini ule mgongo wa chuma unaobeba wimbo wote utausikia kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Nilihangaika hadi nikagundua kwamba maiki ikae kwenye kimo cha goti lake, hatua mbili mbele, ikitazama juu kidogo. Hapo vyote vinne vinasikika sawa.

Wenye vifaa vya kifahari walikwishapita nchi hizi zamani. Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi kati ya 1949 na 1954 akinasa muziki wa makabila mengi. Hugh Tracey alikuja kutoka kusini mwa Afrika, akapita Kenya na Uganda mwaka 1950 na 1952 akiwa na gari lililobeba mitambo na jenereta, na jenereta ilibidi iwekwe mbali ili isisikike. Jambo moja la Tracey nimelishika: maiki aliishika mkononi na kuisogeza kwa mpigaji huyu na yule kadiri wimbo ulivyokwenda, kama mpiga picha anavyosogeza kamera. Lakini kanda zao zilikwenda mbali nasi. Za Wachsmann zilihifadhiwa London, na nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Nashukuru zipo. Ila mzee wa Paya aliyeimba 1950 hakupata kusikia sauti yake akiwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, na jambo hilo limeniuma kila nilipolifikiria.

Ndiyo maana kifaa kilichonibadilishia maisha kilikuwa kidogo tu. Kinasa sauti cha Zoom H1 kilitoka mwaka 2010, na Marekani kiliuzwa dola 99. Changu nilikipata mkononi mwa mtu mwingine, miaka michache baadaye, kikiwa na mkwaruzo kwenye kioo. Juu yake kina maiki mbili ndogo zilizopishana kwa nyuzi 90, moja ikitazama kulia na nyingine kushoto, hivi kwamba ukivaa spika za masikioni unajua ngoma iko wapi na kina mama wako wapi. Kinatumia betri moja tu ya kawaida, ile ile ya tochi, inayouzwa hata kwenye kibanda cha mwisho kabla ya kufika kwetu. Na kwa nyuma kina kiswichi cha kuzima kule kujirekebisha. Nilipokizima kwa mara ya kwanza na ngoma ikagongwa bila mwimbaji kuzama, nilisimama uani nikalia. Mwembe wa baba mdogo ulikuwa palepale.

Kina kasoro zake. Mwili wake wa plastiki unanasa hata kidole kikiteleza juu yake, kwa hiyo sikishiki. Nakifunga kwenye kigoda juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Upepo wa alasiri unakivuruga, na sponji peke yake haitoshi, mpaka ukivalishe kofia ya manyoya. Tena kuna kiswichi cha kukata sauti nzito, ambacho wengi huwasha wakidhani kinasafisha. Kwenye hotuba, sawa. Kwenye ngoma utakuwa umeikata ngoma yenyewe.

Kisha zikaja simu, na pamoja nazo maiki za kubana kwenye kola. Zile za waya za Boya, zenye kamba ya mita 6 na kabetri kadogo kama kifungo cha shati, nilizipenda na bado ninazo. Kwa mahojiano, kwa bei ile, sijui nini kinazizidi. (Anayenunua atazame pini: ya simu ina mistari mitatu, ya kamera ina miwili, na wauzaji wengi hawakuambii mpaka ufike nyumbani usikie kimya.) Baadaye zikaenea zisizo na waya, ndogo kama punje ya hindi kubwa, zenye kitufe cha kupunguza kelele. Vijana wote wa Busia wanazo sasa, na bei yake imeshuka hadi mwanafunzi anaweza kuchangisha akanunua.

Mwaka 2022 yule mpiga nyatiti wa utotoni mwangu alirudi Paya, sasa mzee wa fimbo. Nilimbana maiki mpya kwenye kola, taa ya kijani ikiwaka, nikaridhika. Jioni nilimwekea asikilize. Sauti yake ilikuwa safi kama ya mtangazaji wa redio. Aliinamisha kichwa, akasikiliza wimbo mzima, halafu akaniuliza:

"Mwanangu, mbona niliimba peke yangu?"

"Hapana, Mzee, watu walikuwa wamejaa."

"Basi vigelegele vimeenda wapi?"

Nilirudia kusikiliza kwa makini, na moyo ukanishuka. Kile kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeongea barabarani. Kimefundishwa kwamba maneno ndiyo sauti, na kila kinachovuma, kinachogongwa au kinachopigwa kelele nyuma yake ni uchafu. Kwa hiyo kilifuta vigelegele. Kilifuta makofi. Ngoma kiliikata vipande vipande, na njuga za mguuni kikazifanya kama mchanga unaomwagwa. Watu mia waliomwitikia mzee kilihesabu kuwa kelele. Mbaya zaidi, kilichofutwa namna hii hakirudi, kwa kuwa hakikuandikwa popote.

Nawaambia vijana wanaokuja kuniuliza: wimbo wetu ni wa kuitikiana. Mwimbaji hutupa mstari, ua unaupokea, na jinsi unavyoupokea ndiyo inayomwambia aendelee wapi. Ukimrekodi yeye peke yake umerekodi nusu ya mazungumzo. Kama pesa zako zinatosha maiki moja tu, chukua ya kusikiliza ua mzima, yenye masikio mawili, hata kama ni kuukuu. Kama una mbili, ile ya kola mbane mwimbaji, zima kupunguza kelele, kisha uzichanganye baadaye. Kwenye tamasha la jukwaani fanya vivyo hivyo: waya wa kutoka kwenye miksa utakupa sauti ya mwimbaji, lakini ngoma zisizowekewa maiki hazimo humo, wala watu. Siku hizi kuna vinasa vipya, kama Zoom H1essential ya 2024, visivyohitaji hata kupangiwa kiwango cha sauti. Nimevijaribu, ni vizuri. Navyo ukiviweka pabaya vinanasa pabaya.

Desemba iliyofuata nilimrekodi mzee tena, kwa H1 yangu ya mkwaruzo, juu ya kigoda, kwenye kimo cha goti. Usiku nilimwekea kabla sijagusa kitu. Vigelegele vilikuwepo, kulia. Kwenye wimbo wa tatu, kushoto, bodaboda ilisikika ikipanda kutoka barabarani, ikanguruma, ikazimwa karibu na zizi. Nikamwomba radhi, nikamwambia hiyo nitaitoa.

"Iache," akasema. "Ndiyo iliyomleta dada yangu."