Siku 9 Kijijini Java, na Swali Tulilokwenda Nalo

Ukimwambia mtu unakwenda Indonesia, jibu ni moja tu: "Bali hiyo! Mnaenda fungate ya pili?" Hata mimi niliwaza hivyo hivyo, nikafungasha na gauni la ufukweni. Gauni lile lilirudi Morogoro bila kuvaliwa. Siku zangu 9 nilizimalizia kisiwa cha Java, kwenye kijiji cha wakulima wa mpunga, nikiwa na tope mpaka magotini.

Safari yenyewe ilikuwa ya mume wangu. Yeye ni bwana shamba, na watu wa kilimo wa Morogoro wanafahamiana na Waindonesia siku nyingi. Kile kituo cha mafunzo ya wakulima pale Mkindo kilianzishwa miaka ya 1990 kwa msaada wao. Julai 2024 alikuwa anamaliza kozi fupi mjini Yogyakarta, nami nikachukua likizo nikamfuata. Mtoto wetu wa miaka 3 tulimwacha kwa bibi yake.

Sasa nikueleze ukweli, msomaji. Sikufuata utalii tu. Kwenye simu yangu kulikuwa na barua pepe ya kazi: mkataba wa miaka 2, Dubai, mshahara mara tatu ya ninaoupata benki. Mume wangu aliisoma, akanirudishia simu, akasema, "Uamuzi ni wako." Wanawake wenzangu mnaijua sentensi hiyo. Tangu siku ile tulizungumza kila kitu isipokuwa hilo.

Robo hekta, midomo mingi

Kutoka Yogyakarta tulipanda treni ya abiria inayokwenda Solo. Nauli ilikuwa rupia 8,000, bei ya soda na andazi. Haikufika saa nzima tukashuka Klaten. Upande mmoja wa njia ni mlima Merapi, volkano yenye moshi kileleni, na upande mwingine ni majaruba, majaruba, majaruba. Huku mpunga ni kijani kibichi, pale ni wa dhahabu, hatua kumi mbele watu ndiyo kwanza wanapanda. Maji ya chemchemi za mlimani yanatiririka mwaka mzima, kwa hiyo sehemu nyingi hapo hazisubiri mvua. Wanavuna mara 2, wengine mara 3 kwa mwaka.

Nikamwambia mume wangu, "Hawa watu ni matajiri bwana!" Akacheka. "Uliza kwanza shamba la kila mmoja lina ukubwa gani."

Wenyeji wetu walikuwa na robo hekta. Yaani nusu ekari na ushee, ya kulisha baba, mama, bibi na binti. Tena wao ni afadhali, maana wapo jirani wasio na hata jaruba moja. Wanalima la mwenzao kwa mtindo unaoitwa *maro*, mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu na mwenye ardhi. Sensa ya kilimo ya 2023 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 16 nchini Indonesia zenye chini ya nusu hekta. Usishangae. Tanzania ni kubwa mara saba ya Java, lakini Java ina watu zaidi ya milioni 150. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61 na ushee.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali, vigae sakafuni, ua umefagiwa mpaka unaona aibu kukanyaga. Bafuni kuna birika la maji ya baridi na kata ya plastiki, unajimwagia mwenyewe. Mwezi wa saba usiku wa Java una kijibaridi, na asubuhi ya kwanza nilipiga kelele nyumba nzima ikacheka. Jikoni kuna mtungi mdogo wa kijani wa gesi, kilo 3, ambao serikali ilianza kuugawa 2007 ili watu waache mafuta ya taa. Lakini jiko la kuni bado lipo pembeni. Bibi hataki wali uliopikwa kwa gesi, anasema hauna harufu.

Mama mwenye nyumba tulimwita Ibu, yaani mama. Mumewe ni Bapak. Bibi ni Mbah. Mimi nilikuwa Mbak, dada, na mume wangu Mas, kaka. Huko jina la mtu halitajwi kavu kavu, kama kwetu tu.

Kupanda kinyumenyume

Siku ya tatu Ibu aliniazima kofia ya mianzi, tukaingia shambani na wanawake wengine saba. Wanaume wao walikwisha lima kwa pawatila. Kupanda ni kazi ya akina mama. Unashika fungu la miche mkono wa kushoto, wa kulia unachomeka tatu tatu, halafu unarudi nyuma hatua moja. Huendi mbele kamwe. Kupanda mpunga kunaitwa *tandur*, na Wajava wanapenda kusema neno hilo limetokana na maneno yenye maana ya "panga huku ukirudi nyuma". Ukienda mbele unakanyaga ulichokipanda.

Nilipanda mstari wangu kwa maringo. Kumbe mama aliyekuwa nyuma yangu anaing'oa miche yangu mmoja mmoja na kuipanda upya, kimya kimya, asinitie aibu. Hiyo ndiyo Java. Mtu hakwambii umekosea, anakurekebishia tu.

Mbah alikuwa amekaa kwenye tuta akitutazama. Enzi zake, alisema, kilikuwa kinapandwa *rojolele*, mchele wa kunukia ulioipa jina Delanggu, tarafa ya hapo hapo Klaten. Ulikaa shambani miezi mitano hivi. Wanawake waliuvuna shuke moja moja kwa *ani-ani*, kisu kidogo kinachofichwa kiganjani ili Dewi Sri, mama wa mpunga, asishtuke. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 ikaja mbegu fupi ya miezi minne, na mbolea, na dawa. Nchi ikashiba, na 1984 Indonesia ikajitosheleza kwa mchele. Lakini ani-ani ikapisha mundu, na sasa mundu unapisha mashine ya kuvuna. Siku hizi mnunuzi anakuja mpunga ukiwa umesimama, anauangalia kwa macho, anataja bei, anavuna kwa mashine yake. Wanawake waliokuwa wakilipwa sehemu ya mavuno wanabaki kuangalia.

"Na vijana je?" nikauliza. Ibu akaonyesha barabara, pikipiki zinakimbilia Solo. Binti yake wa miaka 20 anashona nguo kiwandani huko. Kwenye jaruba letu mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, na nina miaka 31.

Michango? Hata huko ipo!

Ulidhani kadi za mchango ni ugonjwa wa Watanzania? Pole. Kijijini Java harusi ni ya wote. Akina mama wanakwenda kupika siku tatu, wanaita *rewang*, na kila nyumba inapeleka bahasha au mchele. Halafu kila kitu kinaandikwa kwenye daftari. Ulichopewa ndicho utakachorudisha siku ya mwenzako, na kuna familia zinazokopa ili kulipa fadhila. Sisi tulifika ndani ya mwezi wa Sura, ambao ndio Muharram, na Wajava wengi hawaozeshi mwezi huo. Ibu akasema huku akicheka, "Mwezi huu mfuko wangu unapumua."

Ila daftari lina upande wa pili. Tarehe 27 Mei 2006, kabla ya saa 12 asubuhi, tetemeko lilipiga Yogyakarta na Klaten na kuua watu zaidi ya 5,700. Nyumba ya wenyeji wetu ilianguka yote. Walitoka na uhai na godoro moja. Kabla msaada haujafika, majirani walianza kuondoa kifusi nyumba baada ya nyumba, leo kwako, kesho kwangu.

Kuna kitu kingine kilichonigusa zaidi, tena kidogo kabisa. Nje ya kila mlango kumetundikwa kikopo. Usiku mwenye nyumba anatia mchele kidogo au sarafu, na wanaume wa zamu ya ulinzi wanapita kukusanya. Wanaita *jimpitan*, kufinya kwa vidole. Hakuna anayeumia, lakini zinatengenezwa taa za njiani na anauguzwa mgonjwa.

Mama aliyeitwa mama mdogo

Nililoliona na likanishangaza ni pesa. Jioni Bapak alirudi kutoka kibarua cha ujenzi, akatoa noti zote mfukoni akampa mkewe. Ibu akahesabu, akamrudishia za sigara. Basi! Bapak akawasha kretek yake, moshi unanukia karafuu. Miaka mingi Indonesia ilinunua karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara hizo. Mume wangu aliniangalia kwa woga. Nikamwambia, "Umeona wenzio?"

Usiku wa mwisho nilikaa na Ibu jikoni, tunakata tempe, yale maharage ya soya yaliyoshikana kama jibini. Kiingereza chake kizuri, na ndipo nilipouliza alikipata wapi.

Hong Kong, akasema. Miaka 6, kazi za ndani. Alikwenda 2007 kwa sababu nyumba ilikuwa chini na robo hekta haijengi nyumba. Miezi ya mwanzo mshahara karibu wote ulikatwa kulipa deni la wakala. Kisha akaanza kutuma, na vigae hivi ninavyokanyaga vikaja. Binti alikuwa na miaka 3.

Kisu changu kikasimama.

Mkataba wa kwanza wa miaka 2 ulipokwisha akaja likizo na mwanasesere mkubwa kuliko mtoto. Binti alijificha nyuma ya Mbah, akachungulia, akamwita *Bulik*. Yaani mama mdogo. Kwa mtoto yule, mama alikuwa Mbah.

"Nilicheka mbele za watu," Ibu alisema. "Nikaenda bafuni, nikajimwagia maji muda mrefu."

Nikamweleza barua pepe yangu. Nilitegemea aseme usiende. Hakusema. Wajava wana msemo wao: mle msile, muhimu ni kuwa pamoja. Nikamkumbusha. Akatikisa kichwa. "Mbak, anayesema hivyo ana cha kula. Mimi nisingekwenda, Mbah angelala kwenye turubai mpaka leo. Nilijua nakwenda kununua nini, na nilijua ni kwa sababu gani. Wewe unakwenda kununua nini?"

Sikuwa na jibu.

Tulichorudi nacho

Kwenye treni ya kurudi nilimwuliza mume wangu swali lile lile. Akanyamaza mpaka tulipoipita Prambanan, yale mahekalu ya karne ya 9, ndipo akasema, "Niliposema uamuzi ni wako, nilikuwa naogopa kukuomba ubaki. Nilijua mshahara wangu hautoshi kukuzuia." Miezi miwili alikuwa amelibeba. Na mimi miezi miwili nilidhani hajali.

Tukatoa karatasi, tukaandika. Pesa ya Dubai ni ya nini? Nyumba yetu ya Kihonda, iliyosimama kwenye lenta. Je, tuna mahali pa kulala? Tunapo, pa kupanga. Je, kuna mgonjwa, kuna deni? Hakuna. Ibu alikuwa na sababu, mimi nilikuwa na haraka.

Sikwenda. Siwezi kukwambia na wewe usiende. Wenye kifusi mlangoni wana hesabu nyingine, na yeyote anayewahukumu hajalala kwenye turubai. Ninachosema ni kwamba kaeni chini kabla ya kusaini. Semeni pesa ni ya nini, nani ataishika, na tarehe ya kurudi ni ipi. Na ukiwa wewe ndiye unayebaki, usijifiche nyuma ya "uamuzi ni wako."

Kuna siku naijutia ile kazi, hasa mwenye nyumba anapopandisha kodi. Nyumba ya Kihonda bado iko kwenye lenta. Lakini kwenye msumari wa mlangoni tumetundika kopo la maziwa, na kila usiku mmoja wetu anatia chochote, hata shilingi 500. Mtoto ndiye anayetukumbusha. Mwezi uliopita tulinunua mabati 6.

UKITAKA KWENDA

Wakati: Juni hadi Septemba ni kiangazi, njia za mashambani hazina utelezi. Beba sweta la usiku.

Usafiri: Fika Yogyakarta kwanza. Treni ya Solo inasimama Klaten, na vijijini utakodi pikipiki.

Heshima: Vua viatu mlangoni, toa na pokea kwa mkono wa kulia, inama kidogo unapopita mbele ya wazee. Nguo za kujistiri, vijiji vingi ni vya Waislamu.

Maneno matatu: *Monggo* (karibu, tafadhali), *nuwun sewu* (samahani, naomba kupita), *matur nuwun* (asante).

Chakula: Wali asubuhi, mchana na jioni, na tempe pembeni. Pilipili yao, *sambal*, ionje kwa ncha ya kijiko kwanza. Mimi nilijifanya mjuaji, nikalia.