Mvita kwa Jicho la Kamera

Wageni wengi wanaobeba kamera kubwa huihesabu Mombasa, Mvita ya wenyewe, kuwa mahali pa kulala usiku mmoja tu. Wakishashuka uwanja wa ndege wa Moi, alfajiri ya pili wameshika barabara ya Nairobi kuelekea Tsavo, kuwatafuta ndovu waliojipaka udongo mwekundu. Siwalaumu. Tsavo naipenda, na ndovu wake nawapenda. Lakini mtu mwenye mapenzi ya kweli na picha za safari na za wanyama akikipita kisiwa hiki mbio, amekosa mafunzo ambayo mbugani hatayapata kwa wepesi. Mombasa humfunza mpiga picha kungoja, na humfunza kuomba ruhusa. Hayo mawili ni nusu ya kazi hii, pengine zaidi.

Anayefundisha kungoja ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ukingo wa Mji wa Kale unaotazamana na English Point huwa ni pwani mbili tofauti kwa siku moja. Teremka Ngazi za Leven, zenye jina la meli ya Kapteni Owen aliyetia nanga hapa mwaka 1824. Maji yakiwa yamejaa hapana cha kupiga ila wimbi na jiwe. Yakianza kupwa, miamba hujitokeza mmoja mmoja, na kila kiumbe hutoka kutafuta riziki: kaa wakikimbia upande upande, mdiria akiwa juu ya kamba ya mashua, mwewe akizunguka juu pale wavuvi wanaposafisha samaki.

Hapo ndipo nilipomtazama yangeyange mmoja kwa utulivu nisioupata mahali pengine. Miguu yake ilikuwa myeusi, lakini nyayo zilikuwa za manjano. Alisimama kwenye dimbwi dogo, akanyanyua unyayo mmoja, akautikisa majini taratibu ili kuwatimua vidagaa waliojificha chini ya mwani. Akatulia, shingo kaikunja. Akautikisa tena. Ghafla mdomo ukachoma maji na kutoka na kisamaki kinachometa, na mara hiyo hiyo kimeshamezwa. Wapiga picha wengi hukimbilia lile tendo la mwisho, samaki akiwa mdomoni. Mimi naona picha yenyewe ni ule unyayo wa manjano ukitetemeka ndani ya maji maangavu ya asubuhi, kwa sababu humo ndimo ilimo akili ya ndege. Na picha ile haiji kwa aliyefika na kuondoka.

Mwanga nao una ratiba yake. Jua huchomoza upande wa Nyali, na asubuhi hupiga moja kwa moja kuta za Ngome ya Yesu zinazotazama bahari. Jiwe la tumbawe lina vitundu vidogo vidogo, na mwanga wa chini huvijaza vivuli hadi ukuta mzima ukawa kama ngozi. Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho mwaka 1960, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watalii hupiga lango na mizinga, nami pia nimevipiga. Kinachonirudisha hasa ni mijusi wanaoota jua ukutani, rangi yao na rangi ya jiwe zikikaribiana hadi jicho linababaika. Inafurahisha kuona kwamba ngome iliyogombewa na Wareno, Waomani na Wamvita wenyewe kwa zaidi ya karne nzima, leo wenye kuishi ndani yake usiku na mchana ni mijusi na njiwa.

Siwezi kuandika juu ya ndege wa Mombasa nikamruka kunguru. Huyu tunayemwona kwenye kila paa, mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi. Alifika Zanzibar miaka ya 1890, na Mombasa ameandikwa kuonekana tangu 1947. Amezaana kupita kiasi. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na wakazi wanalalamika. Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1. Wapenda ndege wengi humgeuzia kamera mgongo kwa hasira, na hasira yao naielewa. Hata hivyo naamini picha za kweli za kisiwa hiki lazima ziwe naye ndani, akiwa juu ya waya wa umeme pembeni ya roshani, kwa sababu ndiye anayeeleza kwa nini chozi na ndege wengine wadogo unawasikia zaidi kuliko unavyowaona.

Mchana jua likikimbilia upande wa Kilindini, vichochoro vya Mji wa Kale huingia kivuli, na kuta zilizopakwa chokaa hugawana mwanga uliobaki. Huu ndio wakati wa Ndia Kuu, wakati wa milango yenye nakshi na wa roshani za mbao, na hapa ndipo linapoanza somo la pili.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango mmoja, nikipima mwanga, na kwenye baraza ya jirani alikuwapo mzee wa kanzu na kofia na kikombe chake cha kahawa chungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mlango wautaka?"

"Ukiniruhusu."

"Si wangu, lakini wenyewe nawajua. Keti kwanza unywe kahawa. Mlango hauendi popote."

Nikaketi. Akamtuma mjukuu wake akaulize ndani, na jibu likarudi kwamba mlango nipige, watoto nisipige. Ndivyo nilivyofanya. Na kwa kuwa niliketi, niliona ambalo nisingeliona kwa haraka yangu: mizunguko ya nakshi kwenye mhimili wa kati imelainika upande mmoja tu, upande ambao mikono ya vizazi imeshika ikifungua na kufunga. Nilipokuwa naaga, mzee akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Wanaotupiga ni wengi, mwanangu. Wanaotuletea, hatujawaona."

Maneno hayo yana uzito wake hapa Mombasa, kwa sababu huu ni mji uliozoea kupigwa picha kwa heshima. Tangu miaka ya 1940, watu wa kila kabila na dini walikuwa wakienda studio ya N. V. Parekh wakiwa wamevaa vizuri, wakachagua wenyewe namna ya kukaa, na wakatoka na picha yao mkononi. Miaka ya 1990 wapiga picha wa Likoni, karibu na kivuko, waliweka vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, na msafiri alisimama mbele ya meli au ndege aliyoitamani. Mwenye sura ndiye aliyekuwa mwenye picha. Mwanamke wa Kibokoni, humu humu Mji wa Kale, anayeinua ukingo wa buibui na kujifunika akiona lenzi hafichi siri yoyote. Anadai haki hiyo hiyo, nami naiheshimu bila mjadala.

Na wanyama je? Wao hawana wa kumtuma ndani akaulize. Lakini huyo yangeyange wa Ngazi za Leven akiacha kuvua, akanyoosha shingo na kukukazia jicho, amekwisha kujibu: umekaribia mno. Rudi nyuma hatua kadhaa hadi arudie kazi yake. Kanuni hiyo hiyo niliibeba hadi Tsavo na imenifaa kwa ndovu kuliko lenzi yoyote ndefu. Picha ya mnyama aliyetishwa ina alama ya mpiga picha ndani yake, hata kama mtazamaji hajui aitafute wapi.

Bandari hii imeona namna mbili za kumwendea mnyama. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyetoka kuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa na bunduki zake na kupanda gari la moshi kwenda bara kuwinda. Mwaka huo huo Arthur Radclyffe Dugmore alikuja nchini hasa kwa ajili ya kamera, na 1910 kitabu cha picha zake kikatoka. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilikuwa imechagua kati ya wawili hao. Na picha za wanyama zilizoupeleka mji huu duniani hazikutoka porini kabisa: ni za kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akijilaza ubavuni mwa Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, huko Haller Park, Bamburi, ng'ambo tu ya kisiwa. Mpiga picha Peter Greste aliwapiga wakiwa wanakula, wanaogelea, wanalala. Nguvu ya picha zile ni kwamba wanyama wale wawili hawana habari na mtu yeyote.

Basi ukija, njoo msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mbingu ikiwa safi na ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia wakiwa bado pwani. Lala Mji wa Kale kwenyewe, muulize mvuvi saa ya maji kupwa, na utembee kabla jua halijawa kali. Kwenye kivuko cha Likoni funga kamera; kupiga picha hapo hakuruhusiwi. Msikitini uliza kwanza. Ukialikwa kahawa, keti. Na kabla hujaondoka kisiwani, tafuta duka la kuchapisha picha, uchapishe za watu waliokukubalia, urudi vichochoroni ukawakabidhi mkononi.