Kifo Ndani ya Zawadi

Kutoa ni moyo, si utajiri. Na hakuna utoaji ulio karibu na moyo kuliko wa ndugu atoaye figo lake kwa ndugu yake. Figo la mtu mzima lina uzito wa gramu 150 hivi, na ndani yake mna vichujio vipatavyo milioni moja. Mafigo yote mawili yakishindwa, mgonjwa wa Mbagala au wa Bunju hufunga safari mara tatu kwa juma akasafishwe damu kwa mashine, kiasi cha saa nne kila mara. Zamani aliyetaka figo jipya alipelekwa India. Novemba 2017 upandikizaji wa kwanza ulifanywa Muhimbili. Machi 2018 Dodoma ikafuata, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Wengi hudhani kwamba adui wa figo lililopandikizwa ni kinga ya mwili uliolipokea, basi. Adui huyo yupo, lakini wa kwanza huzaliwa ndani ya figo lenyewe: kikulacho ki nguoni mwako. Figo likikatwa katika mishipa yake hukosa damu, na pamoja na damu hukosa oksijeni. Akiba ya nguvu katika seli hupungua. Baridi ya barafu huuchelewesha upungufu huo, wala haiuzuii. Ajabu ni kuwa madhara makubwa hufika pamoja na faraja. Damu irudipo, oksijeni huingia kwa ghafla na kuzaa kemikali kali ziunguzazo seli zilizokwisha dhoofika.

Kufa kwa seli hakukuwa ajali tupu, kama nyumba kuangushwa na mafuriko. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walieleza kifo chenye utaratibu, wakakiita apoptosi. Seli hunywea, hujigawa vipande vilivyofungwa vyema, na jirani zake huvimeza kimya. Hayo ni maziko ya heshima. Baadaye vilijulikana vifo vingine vyenye kanuni lakini visivyo na staha: nekroptosi, iliyopewa jina mwaka 2005, ambamo seli huutoboa utando wake kwa protini zake yenyewe, na feroptosi, iliyopewa jina mwaka 2012, ambamo chuma husaidia kuharibu mafuta ya utando hata ukapasuka. Hapo yaliyomo humwagika nje, yakawa kama ukelele wa msiba. Askari wa kinga huitika, na wafikapo hukuta ugeni pia. Hivyo jeraha la saa ya kwanza huweza kufungua mlango wa figo kukataliwa.

Mirija ya figo huumia zaidi, maana kazi yake hutaka nguvu nyingi. Ikifa mingi, figo hulala siku kadhaa, na mgonjwa hurudi mashineni ilhali zawadi i mwilini mwake. Figo la mtoaji aliye hai hulala kwa nadra kuliko la maiti, kwa kuwa hukaa bila damu muda mfupi.

Wataalamu hawatafuti kukifuta kifo cha seli, kwa sababu hicho hicho huondoa seli mbovu zinazoweza kuwa saratani. Wanatafuta kukizuia kwa saa chache tu, mahali pamoja. Na figo likilala, ulimi wa jamaa usimsute mtoaji kwamba alitoa kwa shingo upande. Moyo wake ulitoa wote. Ni seli zilizotii sheria yao.