Mvua na Nyumba za Ewuaso Kedong

Ashukaye kutoka Ngong kuelekea Suswa hupitia Ewuaso Kedong, ndani ya Bonde la Ufa. Huko nyumba za Kimasai hujengwa na akina mama, kwa fito na kukandikwa samadi. Paa likivuja wakati wa masika, mama huliziba kwa samadi mbichi, hata usiku. Bati halidai kazi hiyo, lakini lisipowekewa mfereji humwaga maji yote penye msingi. Na udongo wa bonde hilo, uliotokana na majivu ya volkano, huchukuliwa upesi: Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunuka karibu na Mai Mahiu, ukaikata barabara ya Narok. Msingi ulioliwa na maji hujazwa mawe na udongo ulioshindiliwa. Ukuta uliolowa haukandikwi tena mpaka ukauke.