Boneti ya Impreza, Upepo wa Makambako na Vidole vya Dogo

Pale Mwanjelwa, Mbeya, kuna jamaa anauza simu na makava, na watu wengi wanaijua gari yake kuliko wanavyolijua jina lake. Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, rangi ya bluu, yenye ule mdomo juu ya boneti. Ikipita jioni hata mama anayechoma mahindi anageuka. Na wenye kupenda magari wanaelewa kwa nini, maana Impreza ndiyo iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, na mwaka 2000 ikampa Richard Burns.

Hakuipata kirahisi. Miaka minne alipanga chumba kimoja na mdogo wake, wakilala kitanda kimoja, ili hela ya chumba cha pili iingie kwenye kibubu. Dogo ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Siku ya kulipa ilipungua laki nane, na laki nane hiyo aliitoa dogo. Hakuandikishana na kaka yake, hakuuliza itarudi lini. Alisema tu, "Bro, chukua, tusije tukaikosa."

Sasa, kwa uzuri wote ule, boneti ya gari hiyo ilikuwa inashikiliwa na fimbo moja nyembamba ya chuma. Unaichomoa kwenye klipu, unaisimamisha, ncha yake unaiingiza kwenye tundu la boneti. Kinachoikalisha pale ni uzito wa boneti yenyewe, basi. Na boneti ya WRX hiyo ni ya alumini, nyepesi. Upepo ukiingia kwa chini ukainyanyua hata kidogo, fimbo inatoka kwenye tundu, inaanguka, na upepo ukitulia boneti inarudi chini bila kizuizi.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba, Makambako. Walikuwa wanatoka msibani Iringa wanarudi Mbeya, taa ya injini kupata moto ikawaka, wakaegesha pembeni ya barabara. Aliyepita Makambako anaujua ule upepo, hata kofia hukai nayo. Jamaa akafungua boneti, akaweka fimbo, akaenda nyuma kuchukua dumu la maji. Dogo akainama mbele kuangalia ni mpira gani unavuja, mkono wa kulia ameushikilia ukingoni. Kaka mtu alisikia mlio tu. Alipofika mbele dogo alikuwa amekaa chini kwenye majani, kimya, ameubana mkono kifuani.

Vidole viwili, cha shahada na cha kati. Havikukatika, lakini mfupa wa kimoja ulivunjika na kucha zote mbili zikang'oka. Ilikuwa wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, na Januari kwa fundi wa sare ni kama mavuno kwa mkulima. Sare za watoto zaidi ya arobaini zilikuwa zimeshalipiwa nusu. Ikabidi awape mafundi wenzake, na faida ikaenda na sare.

Dogo hakulaumu. Hilo ndilo lililomtesa kaka yake kuliko maneno.

Wiki hiyohiyo jamaa akaamua ile fimbo haitamuumiza mtu tena. Alishaona mtandaoni magari yenye shokapu za gesi kwenye boneti, unafungua kwa kidole na boneti inapanda yenyewe taratibu. Akauliza bei ya seti ya gari yake Dar es Salaam, maeneo ya Gerezani, akatajiwa laki na themanini pamoja na kutuma kwa basi. Hela ilikuwa imeishia hospitali. Kijana mmoja wa spea akamwambia mbona rahisi, chukua shokapu za mlango wa nyuma wa Noah, elfu arobaini zote mbili, zinafanana tu. Wakatoboa fenda, wakatengeneza vishikio kwa bati nene, wakafunga. Boneti ikaruka juu kama imetumwa! Vijana wakapiga makofi, mmoja akarekodi na video.

Hapo ndipo alipokosea, na wengi wanakosea hapohapo. Mlango wa nyuma wa Noah ni mzito, una kioo, una waya, una kila kitu. Shokapu yake imejazwa gesi ya naitrojeni ya kunyanyua mzigo huo. Ukiiweka kwenye kipande cha alumini, kila unapofunga unabonyeza kwa mbele huku shokapu inasukuma kwa nyuma karibu na bawaba, na katikati alumini haina pa kwenda ila kukunja. Ndani ya wiki mbili mkunjo ukatokea mbele ya bawaba ya kushoto, rangi ikaanza kupasuka. Kibaya zaidi, gari ikifika mwendo wa 100 maeneo ya Chimala boneti ilianza kutetemeka, maana shokapu zilikuwa zinaisukuma muda wote dhidi ya loki. Loki ikiachia na kile kikulabu cha pili kikashindwa, boneti inapiga kioo cha mbele na dereva haoni kitu.

Dogo aliuangalia ule mkunjo, bandeji bado mkononi. Akauliza, "Bro, hii umenifungia mimi au umewafungia wale wa video?" Kisha akaenda zake ndani.

Mwezi wa pili jamaa akapeleka gari Iringa, Ipogoro, kwa mzee mmoja fundi ambaye ni baba mdogo wa mke wa rafiki yake. Mzee alimpokea na "kamwene" yake, akafungua boneti, ikamrukia, akarudi nyuma hatua moja. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaomba mizani ya kuning'iniza kwa muuza viazi wa jirani.

Alichofanya hakihitaji shule kubwa. Alizitoa zile shokapu, akaning'iniza ukingo wa mbele wa boneti kwenye mizani, ikasoma kilo sita. Akamwonyesha kijana maandishi kwenye mwili wa shokapu ya Noah: namba inayozidi 500, halafu herufi N. Kila 10 ya hapo, akasema, ihesabu kama kilo moja. Shokapu inafungwa karibu na bawaba, kwa hiyo lazima iwe na nguvu zaidi ya hizo kilo sita za mbele, kama vile mlango ulivyo mgumu ukiusukuma karibu na bawaba. Lakini si kilo hamsini kila upande, jamani. Kwa boneti ile alitaka namba inayocheza kwenye 150.

Seti ikaagizwa Dar, ya bei ya kawaida, yenye vishikio vinavyotumia bolti zilezile za gari bila kutoboa. Hela jamaa aliipata kwa kuuza spika za kwenye buti. Kazi yenyewe ilichukua saa moja na nusu, spana namba 10 na namba 12. Mmoja anashika boneti, mwingine anafungua bolti moja tu ya bawaba, anaweka kishikio, anakaza, ndipo anahamia upande wa pili. Ukifungua zote kwa pamoja boneti inahama, na kuirudisha ikae sawa na fenda ni kazi ya siku nzima. Shokapu inakaa mwili juu, fimbo yake chini boneti ikiwa imefungwa, ili yale mafuta machache ya ndani yalowanishe sili.

Kabla ya kufunga kwa mara ya kwanza mzee alimtuma kijana kwa mama ntilie kuleta donge la ngano iliyokandwa ya chapati. Akabandika vipande juu ya vishikio na kila sehemu aliyoona imebana, akashusha boneti polepole, akafungua tena. Pale ngano ilipobaki nene, kuna nafasi. Pale ilipobaki kama karatasi, kishikio kinasogezwa. Kulikuwa na sehemu moja tu, upande wa kulia.

Na fimbo? Jamaa alitaka kuitupa. Mzee akamkatalia. Gesi ikipoa nguvu inapungua, kutoka joto la 30 mchana mpaka 8 alfajiri unapoteza kama asilimia 7. Shokapu inayotosha Dar kwa kubahatisha, Mbeya mwezi wa sita inaweza kukushushia boneti kichwani taratibu. Na zikizeeka hazitoi taarifa. Akairudisha fimbo kwenye klipu yake kwa mkono wake mwenyewe, na ule mpira wa klipu uliochakaa akaubadilisha bure.

Mkunjo wa boneti haukunyooka vizuri, alumini haipendi kugongwagongwa. Upo mpaka leo.

Juni, saa kumi na mbili asubuhi, Uyole, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Jamaa alikuwa bado anavaa viatu, dogo akatoka peke yake kuangalia oili. Akaingiza mkono wa kulia chini ya boneti, kile kidole ambacho hakikunji vizuri kikatafuta kikulabu, kikakipata. Boneti ikapanda nusu yenyewe, ikasita, ikamalizia juu na kusimama. Dogo akaitazama kidogo. Kisha akachomoa fimbo, akaisimamisha kwenye tundu lake, akajaribu kuitikisa mara mbili, ndipo akainama.

Kaka yake alikuwa mlangoni anaangalia. Laki nane bado hajarudisha, amefikisha laki tano.