Majani hayangoji: mhami wa Masisi na kazi ya bustani mjini Goma

GOMA – Kila Jumatatu, jua halijatoka, baba mmoja mhami wa vita kutoka Masisi anatoka Ndosho kwa miguu, kupekupe begani, anaelekea Himbi, kando ya ziwa Kivu. Huko ndiko kuna lupango kubwa zenye nyasi na maua, na huko ndiko anatafutia watoto wake watano chakula.

Kwao alikuwa mkulima wa maharagi na viazi. Shamba halina saa: mvua ikirudi unapanda, ikiisha unavuna. Alifikiri kazi ya mjini itakuwa vilevile.

Mwezi wa tisa mvua ikarudi, majani yakapanda haraka, simu ikawa inalia kutwa. Kila aliyemwita alimjibu: «Ndiyo, kesho asubuhi.» Alijiambia kwamba mhami hakatai kazi, maana hajui kama itarudi. Siku moja akawa ameahidi lupango nne kwa asubuhi moja tu. Ya tatu aliifikia saa nane, mvua ikinyesha. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni: «Papa, nimekungoja toka asubuhi. Nimeshamwita mwingine.» Mama huyo alikuwa anamlipa kila mwezi. Pesa yake ndiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Usiku ule bibi yake hakumgombeza. Alimwambia: «Kule kwetu kila kipande cha shamba kilikuwa na mbegu yake. Na siku zako uzikate vipande.»

Mtoto mkubwa akachukua kaye ya shule, akaandika. Jumatatu na Jumanne: nyumba mbili zinazolipa kwa mwezi. Jumatano na Alhamisi: wanaoita mara moja. Ijumaa: hakuna kitu, ili kazi iliyokatwa na mvua imalizikie hapo.

Haikupita juma mbili, mtu akapiga simu. Ana lupango iliyojaa msitu, kazi ya siku tatu, pesa nyingi kuliko malipo ya mwezi ya nyumba moja. Lakini alitaka ianze Jumatatu. Baba akanyamaza kidogo, kisha akajibu: «Jumatatu nina watu. Jumatano nitakuja na mwenzangu.» Simu ikakatwa. Mtu yule hakupiga tena. Jioni ile baba alihesabu unga, mafuta na makala ambayo pesa hiyo ingenunua.

Halafu kiangazi kikaja, mwezi wa sita. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Udongo ni mdogo, jua kidogo tu nyasi zinakauka. Waliokuwa wanaita mara moja wakanyamaza wote. Zile nyumba mbili ziliendelea kulipa, maana mapema alikuwa ameelewana nao kwamba wakati wa jua atamwagilia maua na kukata ua. Kodi ikapatikana, ingawa chakula kilikuwa cha kubana.

Wahami wenzake wakimuuliza namna ya kuanza, hawaambii habari ya kupekupe. Anawauliza kwanza: «Siku gani utakuwa huru?» Wasipojua, anawatuma wakanunue kaye.

Lango la yule mama angali analipita kila Jumanne. Ndani anasikia kupekupe ya mtu mwingine. Anatazama saa kwenye simu, anaongeza mwendo.