Fuawe Iko Wapi?

Mhunzi ana msamiati wake katika Kiswahili: mvukuto, tanuri, koleo, kalibu, fuawe. Je, msamiati huo unaweza kuubeba uhunzi wa karne hii?

Swali hili lilinikabili nyumbani kwetu Othaya, mdogo wangu anayesomea uhandisi alipotaka kumweleza guka jinsi unga wa metali unavyotengenezwa kwa plazima. Guka alijifunza Kiswahili katika soko la Karatina, Kiingereza hakijui. Hata hivyo, yeye ni mzawa wa wahunzi. Wakikuyu wa kale waliosha mchanga wenye chuma na kuuyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, kazi ambayo William na Katherine Routledge waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1910.

Mdogo wangu alianza kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza, kisha akanyamaza. Nikatwaa jukumu la kufasiri.

“Moto huo unavukutwa na nini?” guka aliuliza.

Nilimjibu kwamba unavukutwa na umeme. Gesi ya agoni hupitishwa ndani ya koili yenye umeme wa masafa ya juu. Atomu zake hupokonywa elektroni, nayo gesi hugeuka plazima, hali ya nne ya maada baada ya yabisi, kiowevu na gesi. Joto lake huweza kufikia nyuzi 10,000 za Selsiasi, kupita lile la uso wa jua. Hata radi imulikayo Kirinyaga ni plazima.

“Na fuawe iko wapi?”

Hapo ndipo penye kiini cha ufundi huu. Fuawe haipo, wala kalibu. Punje zenye pembe huyeyuka zikiwa hewani, na mvutano wa uso huzikunja kuwa matufe, mithili ya umande juu ya jani la nduma. Zinapoanguka hupoa na kuganda hivyo hivyo. Unga huo hutiririka kama wimbi na kushikamana bila mianya mingi, ndiyo maana unafaa mashine zinazojenga vipuri tabaka kwa tabaka. Ili kupata unga wa nano, metali hugeuzwa mvuke kabisa, kisha mvuke hupozwa ghafla uwe chembe za makumi ya nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe hizo huweza kuwaka zikikutana na hewa, hivyo hulindwa kwa agoni.

Guka aliitikia kwa kichwa. “Kumbe ni uhunzi.”

Kauli hiyo ilitosha kunionyesha kwamba upungufu haumo katika lugha. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Nyeri nayo ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, chuo kamili tangu 2012. Kinachokosekana ni mazungumzo baina ya wanaisimu na wahandisi. Tusipoketi pamoja, mjukuu wa mhunzi atahitimu ufundi wa wazee wake bila kuweza kuwasimulia. Wanachama wenzangu, udongo uwahi ungali maji.